Bimla Aliyeifunga Ramani

Kwa miaka thelathini na mmoja Bimla Wati alisoma mita za maji za Labasa, mji wa visiwani Fiji. Katika miaka hiyo aling'atwa na mbwa mara kumi na nne, akaangukiwa na nazi mara moja, na hapakuwa na uchochoro katika mji ule ambao viatu vyake havikuujua. Alipofikisha umri wa kustaafu, ofisi ilimpa saa ya ukutani na keki yenye jina lake, na jina lenyewe limekosewa herufi. Akamwambia bosi aliyemkabidhi, "Hata daftari lenu la wateja lina makosa haya haya. Nimewaambia tangu mwaka wa tisini na nne." Watu wakacheka wakidhani anatania. Hakuwa akitania.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mumewe, Ram Sewak, dereva wa lori la miwa, alimwita Inspekta, mbele ya watu na nyuma yao. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa Kathalpur, makazi ya mabati nyuma ya mashamba ya miwa, yaliyopata jina hilo kwa mifenesi iliyopandwa na babu za watu. Wahindi na Wafiji wenyeji walikaa humo mchanganyiko, hekalu huku na kanisa kule, nyumba mia tatu na kumi na mbili. Bimla alizijua kwa namba za mita kabla hajazijua kwa majina ya wenyewe.

Miezi minane baada ya ile keki, Ram Sewak alikuwa akila roti asubuhi, mdomo ukaenda upande. Bimla akapiga simu ya gari la wagonjwa. Gari lilitoka upesi, lakini dereva alikuwa mgeni, wiki yake ya pili tangu atoke mji mkuu, Suva, na alikuwa akiifuata ramani ya simu. Ramani ilimwonyesha mto, kiwanda cha sukari, barabara kuu, kisha rangi ya kijani tupu. Kathalpur haikuwemo. Alizunguka mashamba ya miwa dakika arobaini, mpaka Bimla alipotoka mbio pekupeku akasimama katikati ya barabara kuu na kunyoosha mikono yote miwili.

Ram Sewak alipona, kwa namna yake. Mkono wa kulia haukurudi. Ulimi ulirudi, na majirani wengine walisema kama ni kuchagua, basi afadhali ungerudi mkono.

Siku walipomtoa hospitali, Bimla alimkuta yule dereva nje, akamwendea. "Kijana, hiyo ramani yako nani kaiandika?"

"Haina mwenyewe, mama," dereva akasema, macho chini. "Inaitwa Ramani ya Pamoja. Anaichora yeyote. Hata wewe unaweza."

"Yeyote," Bimla akarudia. "Ndiyo maana."

Akarudi nyumbani, akafungua kompyuta kuukuu aliyoiacha binti yake alipohamia Auckland, akajisajili kwa jina la Mita. Kesho yake akavaa viatu vyake vya kazi, akachukua fimbo ya mbwa, akaanza kupita tena nyumba hadi nyumba kama vile hajawahi kustaafu. Watu walimwona wakasema kazi imemrukia kichwani. Yeye alihesabu hatua, akaandika, jioni akachora. Kathalpur ilimchukua wiki tano. Kisha akaingia Labasa yote, kisha njia za mashambani, kisha vijiji vya mwambao. Chini ya kila alichochora aliandika maneno matatu: Nimepita kwa miguu. Mchoraji wa mbali akichora nyumba kwa kutazama picha ya angani, Bimla alimwandikia, "Ndugu yangu, hiyo uliyoiita nyumba ni banda la mbuzi la Hari Pal. Mbuzi wanane. Ondoa."

Ikapita miaka mitatu. Alikuwa amechora mara elfu tisa na ushei.

Siku moja akapokea barua kutoka kwa mwanamke aitwaye Ngaire, wa Wellington, mmoja wa wasimamizi wa zamani wa Ramani ya Pamoja. Wasimamizi nao walikuwa watu wa kujitolea kama wachoraji wengine, ila walikabidhiwa zana tatu zisizokuwa za kila mtu. Ya kwanza ilitengua kazi yote ya mharibifu kwa mkupuo mmoja. Ya pili ilimsimamisha mtu asichore tena. Ya tatu waliiita kufuli: ilifunga sehemu ya ramani isiguswe na yeyote. Zana hizo hazikutolewa ovyo. Mtu alipendekezwa, akahojiwa siku saba hadharani, kisha wachoraji wakapiga kura. Ngaire aliandika kwamba visiwa vile havina msimamizi hata mmoja, na kwamba kila akiona maneno "Nimepita kwa miguu" hahitaji kuhakiki tena.

Bimla alimsomea mumewe barua hiyo barazani.

"Wanakulipa?" Ram Sewak akauliza.

"Hapana."

"Wanakupa sare?"

"Hapana."

"Basi ni kazi ileile ya mita, ila safari hii hata mbwa wenyewe huwaoni." Kisha akaongeza, "Kubali, Inspekta. Usipopata watu wa kuwagombeza huko utanigombeza mimi."

Akakubali. Maswali yakamiminika kwa siku saba. Mengi yalikuwa mepesi. La uzito liliulizwa na Desmond wa Brisbane, mzee aliyeandika nusu ya sheria za ramani ile na kuzijua kama watu wajuavyo sala. Aliuliza: ukizozana na mchoraji mwingine juu ya mahali unapopapenda, je, utatumia zana zako kushinda?

Bimla akaandika: Mimi sizozani na watu. Nawapeleka wakaone.

Desmond akajibu: Hilo si jibu. Akapiga kura ya kumkataa. Watano wakamfuata. Hamsini na wawili wakamkubali, na Bimla Wati, msoma mita mstaafu, akakabidhiwa zana.

Mwaka wa kwanza alizitumia kwa ubahili. Alitengua matusi aliyoandika mtu juu ya shule ya Savusavu. Akamsimamisha bwana mmoja aliyekipa kituo cha polisi jina la "Kwa wakwe zangu", akamwachilia baada ya wiki alipoandika kwamba amepatana na mkewe. Kufuli aliligusa mara moja tu, kimbunga kilipokuja na watu wakaanza kuhamisha alama za majengo ya kukimbilia kwa uvumi. Alizifunga, kimbunga kikapita, akafungua siku hiyohiyo. Desmond mwenyewe alimwandikia mstari mmoja: Vizuri.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya Machi.

Bimla alifungua ramani baada ya chai ya asubuhi, akaona kijani. Vichochoro vyote vya Kathalpur vilikuwa vimefutwa. Hekalu halipo, kanisa halipo, kituo kidogo cha afya hakipo, nyumba mia tatu na kumi na mbili hazipo hata moja. Pameandikwa jina moja refu: Bustani za Zumaridi, ardhi tupu isiyo na watu. Akatazama dirishani. Jirani alikuwa anaanika nguo.

Akatengua. Baada ya nusu saa kijani kikarudi, kimeletwa na jina jingine. Akatengua tena. Likaja jina la tatu, la nne, mpaka yakawa sita, mapya yote, hayajawahi kuchora popote duniani isipokuwa kufuta pale. Akayasimamisha manne ya kwanza, mawili mapya yakaendelea.

Sheria ilikuwa wazi, naye aliijua: msimamizi asifunge mahali anapozozana mwenyewe. Amwite mwenzake atazame kwa jicho la mtu wa kando. Bimla alimwandikia Ngaire. Ngaire alikuwa mazikoni kwao, mbali na mtandao. Akawaandikia wasimamizi wengine watatu, Desmond akiwa mmojawapo. Akakaa. Saa aliyopewa na ofisi ikagonga mara mbili ukutani na hakuna aliyejibu. Kila alipotengua, palifutwa tena.

"Nani hao?" Ram Sewak akauliza.

"Sijui."

"Unaweza kuwafungia mlango?"

"Naweza. Siruhusiwi."

Ram Sewak alilifikiri hilo. "Lile gari la wagonjwa lilipokuwa linazunguka kunitafuta," akasema, "ningeulizwa, ningesema fungeni chochote, vunjeni chochote."

Bimla akabonyeza kufuli. Kwenye nafasi ya kuandika sababu hakuficha wala hakupamba. Aliandika: Hapa wanakaa watu. Mimi ni jirani yao. Nimefunga mimi.

Jumapili alasiri, harufu ya kari ya samaki wa kopo ikiwa bado jikoni, gari jeupe likasimama mlangoni. Akashuka Jagdishwar, bosi wake wa zamani wa ofisi ya maji, yuleyule wa keki. Alikuwa amenenepa, na shati lake lilikuwa na alama ndogo ya jiwe la kijani kifuani. Bimla alipoiona alama ile hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Dada Bimla," Jagdishwar akasema, akivua viatu, "umri haukuoni kabisa."

"Unaniona, bosi. Kaa. Chai ipo."

Alikaa, akanywa, akauliza afya ya Ram Sewak, akasifu maua. Kisha akaingia kwenye lililomleta. Zumaridi ilikuwa kampuni ya nyumba. Iliitaka ardhi ya Kathalpur. Wawekezaji kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja Jumatano kuitazama, na watu wa ng'ambo, kabla hawajakanyaga popote, hufungua simu.

"Hawataki kuona vichochoro," akasema. "Wanataka kuona nafasi. Ni siku chache tu, dada. Fungua hilo kufuli, utazame pembeni. Ikipita Jumatano, chora utakavyo."

"Na wale watu sita waliokuwa wanafuta?"

Jagdishwar akatabasamu. "Vijana wa ofisini."

"Wote sita wanakosea tahajia sawasawa. Ni mtu mmoja, na naona alifundishwa kuandika na wewe."

Ram Sewak akacheka mpaka chai ikamwagika mapajani.

Jagdishwar hakukasirika. Aliweka kikombe chini kwa upole. "Sikiliza. Mtaa mpya utahitaji mtu wa kusimamia mita. Mtu mwenye uzoefu. Ofisi yenye kiyoyozi, hakuna mbwa. Nilikutaja wewe."

"Mita ziko tayari humo," Bimla akasema. "Mia tatu na kumi na mbili. Nilizisoma kila mwezi, nikakuletea daftari mezani, ukatia saini. Mwaka baada ya mwaka ulitia saini kwamba pale pana watu wanaokunywa maji. Leo unaniambia hawapo?"

"Mambo yanabadilika."

"Basi nenda kayabadilishe kwa miguu. Ingia pale, gonga mlango wa kwanza, mwambie mwenye nyumba kwamba hayupo. Akikubali, urudi nikufungulie."

Jagdishwar akavaa viatu. Akiwa mlangoni akasema, bila ukali, kama mtu anayetoa taarifa, "Sheria zenu nimezisoma, dada. Umevunja moja. Nimekwisha andika."

Ni kweli alikuwa ameandika. Jumatatu asubuhi shauri la Bimla lilikuwa hadharani kwenye ukurasa wa majadiliano, limeletwa na mtu aliyejiita Raia Mwema. Halikumtukana. Lilisema tu kwamba msimamizi Mita amefunga mahali anapoishi, katika mzozo wake mwenyewe, na likaonyesha kifungu. Watu waliomsifu miaka yote hiyo wakaanza kuandika kwa uangalifu. Wengine walisema ana haki. Wengine walisema haki au si haki, kufuli si lake.

Desmond alikuwa amerudi kutoka safarini. Aliandika kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Bimla kuliko matusi. Alisema kila msimamizi anayefunga ramani kwa ajili ya moyo wake huamini kwamba moyo wake ndio ukweli. Siku mlaghai atakapokabidhiwa zana hizi, atasema maneno yaleyale ya Mita. Akamwomba akiri kosa, aombe radhi, afungue. Na shauri liishe hapo, abaki na zana zake.

Ngaire naye alimwandikia pembeni: Ndugu yangu, sema samahani tu. Ni neno moja.

Bimla alizunguka meza mara tatu. Akaweka birika motoni akasahau kuweka maji.

"Sema tu," Ram Sewak akasema. "Mimi nakuomba radhi kila siku na simaanishi hata moja."

"Ndiyo maana sikusamehi hata moja."

Akaketi akaandika, kwa kidole kimoja kama kawaida yake: Nimevunja sheria. Nilijua ni sheria nilipoivunja. Sheria yenu ni nzuri na Desmond anasema kweli, mlaghai angesema maneno haya haya. Tofauti ni kwamba mlaghai hawezi kuwaonyesha nyumba. Mimi naweza. Niliwaita wanne, hakuja mtu, na wakati nikisubiri watu walikuwa wanafutwa. Siombi radhi, kwa sababu nikiomba nitakuwa nimesema uongo, na mimi sijawahi kuandika namba ya mita ambayo sikuisoma. Zana ni zenu. Chukueni.

Wakazichukua saa saba mchana. Kufuli la Kathalpur likafunguliwa, kama sheria ilivyotaka. Saa nane kasoro Kathalpur ilikuwa kijani.

Aliyekuja kwanza mlangoni alikuwa Losalini, muuguzi wa kile kituo kidogo cha afya, mwanamke mkubwa wa umbo na mpole wa sauti, nywele zake kama wingu. Alikuwa na simu mkononi.

"Shangazi, wametufuta."

"Najua. Na mimi wamening'oa meno."

"Sasa tufanyeje?"

Bimla alikuwa na jibu tayari, maana hasira kwake haikuwahi kuwa kitu cha kukaa nacho ndani. "Niliambiwa kwamba ramani hii anaichora yeyote," akasema. "Kumbe mimi nilitaka nichore peke yangu. Kathalpur ina simu ngapi?"

Losalini akafikiri. "Kila nyumba moja. Nyingine tatu."

"Waite."

Jioni ile ukumbi wa hekalu ulijaa, na waliokosa nafasi wakakaa kwenye ngazi za kanisa, ng'ambo ya njia. Bimla alisimama mbele na fimbo yake ya mbwa akaeleza mara moja tu, kama alivyowahi kuwaeleza wasoma mita wapya. Kila mtu arudi kwake. Apige picha mita yake, namba ionekane. Atembee kutoka mlango wake hadi barabara kuu simu ikiwa imewashwa, ili njia ijiandike yenyewe. Kisha achore nyumba moja tu, yake, na aandike jina la mwenye nyumba.

"Wakifuta?" mtu akauliza nyuma.

"Unachora tena."

"Wakifuta mara kumi?"

"Wewe unakaa pale miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili."

"Basi una muda kuliko wao."

Kuna mzee alisema hajui kusoma. Bimla akamwambia mita yake inajua. Kuna mama aliyeuliza kama lazima aandike jina la mume, maana nyumba ni yake yeye. Ukumbi ukacheka, Bimla akasema hiyo ndiyo maana ya kuchora mwenyewe, andika lako.

Jumanne kulipokucha nyumba zilianza kuota kwenye ramani moja moja, kama mbegu. Saa mbili zilikuwa arobaini. Mtu wa Zumaridi akafuta zote. Kabla hajamaliza, sitini zikawa zimechorwa upande mwingine. Adhuhuri zilikuwa mia na tisini. Wachoraji wa nchi nyingine, waliokuwa wakifuata shauri la Bimla, wakaanza kusimama kutazama. Kila nyumba ilikuwa na picha ya mita, namba, tarehe na mstari wa hatua za mtu. Mmoja aliandika, "Nyumba hii imeandikwa: mbwa mkali, lakini anapenda ndizi." Mwingine akauliza hivi kuna ushahidi gani zaidi ya huo.

Bimla hakuwa na zana hata moja. Alikaa mezani akirudisha kwa mkono kile ambacho wiki iliyopita angekirudisha kwa kubonyeza. Nyumba moja, kisha nyingine. Vidole vilimuuma. Losalini alipita kumletea mihogo ya kuchemsha, akamkuta amekunja uso kwenye kioo, akachukua kiti akakaa kuchora naye.

Jumatano saa nne wawekezaji walifika, wanaume wawili na mwanamke mmoja, kwenye gari la Jagdishwar. Yule mwanamke alikuwa mbele, simu mkononi, na ndiye aliyesema kona ipo wapi kabla dereva hajaiona. Watu wote wa Kathalpur walikuwa nje. Hawakushika mabango wala hawakupiga kelele. Walikuwa wametandika mikeka kando ya njia, bakuli la kava, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, katikati, kila mtu kakaa mbele ya mita yake. Losalini akawapigia makofi matatu ya heshima, akawaambia karibuni, kaeni. Haikuwezekana wasikae.

Mwanamke yule alikunywa kikombe chake, akatazama nyumba, akatazama simu, akamgeukia Jagdishwar. "Uliniambia hakuna watu."

Jagdishwar akaanza kusema jambo juu ya vibali. Bimla, aliyekuwa mkekani pamoja na majirani, akamwambia kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, "Bosi, hesabu mwenyewe. Ulikuwa ukinisahihisha hesabu."

Hakuhesabu. Wageni walikaa saa nzima, wakaondoka na maembe ya chumvi kwenye mfuko. Zumaridi haikuvunjika siku ile, wala shauri la ardhi halikuisha. Liko kwa mawakili mpaka leo, na watu wa Kathalpur hawajui litaelekea wapi. Lakini wanaowashtaki sasa hulazimika kuandika kwamba wanataka kuondoa kaya mia tatu na kumi na mbili, kwa majina. Neno "tupu" halimo tena kwenye karatasi zozote.

Wiki iliyofuata Desmond alifunga mjadala. Aliandika kwamba akaunti zote zilizoifuta Kathalpur, pamoja na ile ya Raia Mwema, zimetoka kwenye kompyuta moja, na zimesimamishwa daima. Nyumba zibaki. Akamalizia: Mita alikuwa sahihi kuhusu ardhi, na alikosea kuhusu kufuli. Miezi mitatu ikipita anaweza kuomba tena, na safari hii kura yangu ataipata.

Bimla alisoma mara mbili.

"Haya, umeshinda," Ram Sewak akasema.

"Anasema nilikosea."

"Ulikosea."

"Najua nilikosea. Siombi."

Miezi mitatu ikapita, Ngaire akamwandikia kumkumbusha, Bimla hakuomba zana. Akapendekeza jina jingine: Losalini, muuguzi, nyumba namba mia moja na nne. Losalini akaja mbio mlangoni, karibu akasirike. "Shangazi, mimi nimechora miezi michache tu. Watanicheka."

"Umechora nyumba za watu sitini wasioona vizuri. Hakuna aliyekucheka. Na wewe una jambo moja nisilokuwa nalo."

"Lipi?"

"Unajua kusubiri."

Desmond akamuuliza Losalini swali lilelile. Losalini aliandika kwamba angemwita mtu wa pili. Na asipokuja, angemwita wa tatu. Na wakati akiwaita angewaambia watu wote wa mahali pale wachore, kwa sababu ameona jambo hilo likifanyika. Alikubaliwa kwa kura sitini na nne. Waliomkataa walikuwa wawili.

Siku ya tisa ya usimamizi wake, Losalini alisimama kwenye uzio wa Bimla akiwa bado na sare ya kazi.

"Shangazi. Ofisi ya Zumaridi pale mjini, umeiandika 'Wafuta watu'."

"Ndiyo."

"Nimetengua."

Bimla aliweka chini beseni la nguo. "Ni uongo?"

"Si uongo. Si jina lao. Sheria inasema jina lililo juu ya mlango."

"Wakati wao walituandika tupu, nani alisoma juu ya mlango?"

"Hakuna. Ndiyo maana mimi nasoma."

Wakatazamana juu ya uzio. Ram Sewak, barazani, akajikohoza kama mtu anayengoja mchezo uanze. Bimla akafungua kinywa, na Losalini akasema kabla yake, kwa upole uleule, "Ukiirudisha nitakusimamisha siku moja, shangazi. Sitaki, lakini nitafanya."

"Utanisimamisha mimi?"

"Wewe."

"Niliyekufundisha?"

"Ndiyo wewe."

Bimla aliokota beseni. "Mimi nitasema ninavyoona," akasema. "Kwenye ramani utanitengua. Barabarani huna zana ya kunitengua."

"Barabarani sema mpaka wakusikie Suva," Losalini akasema, na akaenda zake kazini.

Bimla alianika nguo zote, akizikung'uta kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. Kisha akaingia ndani akavaa viatu. Kulikuwa na njia mpya imekatwa nyuma ya shule, kuelekea mtoni, na alikuwa amesikia kwamba mtu wa mbali ameichora kwa kutazama picha, akaipeleka upande usio wake.

"Unakwenda wapi, Inspekta?" Ram Sewak akauliza.

"Kusahihisha mtu," Bimla akasema, akachukua fimbo.